Kondoo Mabegani mwa Kafision

Wazee saba wa mji wa Tanagra walimzunguka Kafision mara tatu pale uwanja wa mazoezi, wakimkagua kama fahali wa mnadani. Walimpima mabega kwa kamba, wakamfungua kinywa, wakamwambia atembee, ageuke, asimame. Hakuwa na kovu wala jino lililopinda. Mwishowe mkuu wao, Mzee Thiogiton, akagonga fimbo chini.

"Ndiye huyu. Mtu aliyeumbika hivi, hata ndani yake kumenyooka. Yeye atambeba kondoo wa mungu Herme."

Vijana wenzake wakapiga makofi. Kafision akatabasamu, huku kijasho chembamba kikimshuka mgongoni.

Tangu akiwa na miaka kumi na miwili alikuwa akianguka kifafa. Kilimjia mara moja au mbili kwa mwaka, na kwa bahati kilimkuta nyumbani kila mara, asijue mtu ila mama yake, Nikaro. Watu wa Tanagra wakimwona mwenye kifafa hujitemea mate kifuani kujikinga, na njia aliyopita huiacha. Na kondoo yule hubebwa kuzunguka ukuta wa mji ili maradhi yasiingie. Akibebwa na mgonjwa, itakuwaje?

"Mama, nitawaambia nimeteguka mguu."

"Leo hii wamekutazama ukitembea," Nikaro akasema. "Wataleta mganga akupapase. Na ukweli ukijulikana, dada yako ataposwa na nani? Ni mzunguko mmoja tu, baba. Bandika, bandua, umefika."

"Na kikinijia?"

Nikaro akachukua ufagio, akaanza kufagia.

Siku ya sherehe walimtwika kondoo mabegani, miguu yake minne ikaning'inia kifuani. Nyuma yake, kama ilivyo desturi, alifuata kijana aliyeshika nafasi ya pili: Ismenias, amebeba mtungi wa maji ya kunawa.

"Tembea vizuri, bibi harusi," Ismenias alimnong'oneza. "Ukichoka nipe. Sura sina, lakini mabega ninayo."

Watu walijaa juu ya ukuta, wanawake wakirusha majani. Walipita lango la kwanza salama, na la pili. Karibu na lango la tatu Kafision akasikia harufu ya sufu inayoungua. Hapakuwa na moto popote. Vidole vya mkono wa kushoto vikaanza kumwasha. Aliijua dalili hiyo. Alikuwa amebakiwa na muda wa kunywa bakuli moja la maji, basi.

Mbele njia ilishuka korongoni, mahali ambapo waliokuwa ukutani wasingeweza kuwaona. Akakazana kuelekea huko. Watu wakadhani ni nguvu, wakamshangilia.

"Ismenias," alisema walipozama korongoni, ulimi ukiwa mzito. "Mshike kondoo. Asiguse chini."

"Una nini wewe?"

"Mshike."

Alipozinduka, kinywa kilikuwa kimejaa damu. Ismenias alikuwa amesimama juu yake na kondoo mabegani, uso umempauka, mate yakimchuruzika kifuani alipojitemea.

"Kumbe ndicho ulichotuletea mbele ya mungu," alisema.

"Ukisema, umeniua."

"Na nikinyamaza, maradhi yakaingia mjini, si nitakuwa nimewaua wote?"

Juu ukutani walianza kuita, wakiuliza kulikoni. Ismenias akatazama juu, akamtazama Kafision. Kisha akainama, akammwagia maji ya mtungi kidevuni mpaka damu yote ikaoshwa.

"Inuka. Ukianguka tena, naapa kwa Zeu nitapiga kelele."

Akamtwika kondoo tena, na Kafision akamaliza mzunguko. Mzee Thiogiton akamvika taji, akauona mdomo uliovimba.

"Umejiuma?"

"Kondoo alinipiga kichwa, mzee."

Mzee akacheka. Ismenias hakucheka.

Kiangazi hicho watoto wawili wa wafinyanzi walikufa kwa homa. Nikaro alisema homa huua watoto kila kiangazi, lakini Kafision aliacha chakula chake bila kukigusa. Kila alipomwona Ismenias akizungumza na mmoja wa wale wazee sokoni, alibadili njia. Hatimaye Ismenias akamfuata shambani kwenye mizabibu.

"Sijasema, na sitasema," alianza. "Sijui kama ni huruma au ni woga. Hata mimi nilimbeba yule kondoo. Lakini mwakani wasikuchague. Jivunje mkono ikibidi."

"Nitajivunja."

Ismenias alidhani ni maneno tu. Siku tatu kabla ya ukaguzi uliofuata, Kafision aliweka vidole viwili juu ya kizingiti akampa mama yake nyundo. Nikaro alikataa, akalia, akatoka nje. Aliporudi alimkuta mwanawe amekaa vilevile. Akaishika nyundo kwa mikono miwili.

Vidole vilivimba na kupinda. Mzee Thiogiton alikuja kumpa pole, akavishika akavigeuza, machozi yakimlenga.

"Ulikuwa mtu kamili," alisema. "Kamili kabisa. Hasara gani hii."

"Ndiyo, mzee," Kafision akajibu.

Ukaguzi ulipofika, wazee walimpita bila kumtazama mara mbili, wakasimama mbele ya Ismenias. Kafision aliketi nyuma na watazamaji, mkono umefungwa kitambaa, akala tini alizopewa na dada yake, moja baada ya moja, mpaka zikaisha.