Fidla Zilizokuja Zenyewe

Jumamosi saa nane mchana, Balagizi alipigilia blanketi kwenye dirisha la ukumbi wake wa sinema pale Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, akapuliza kipaza sauti mara mbili, akachomeka flashi aliyoinunua sokoni Area 25, mjini Lilongwe. Aliambiwa zimo picha za ngumi. Zilikuwamo picha mia mbili na kumi na nne, na ngumi hapakuwa na hata moja, labda kofi. Zote zilikuwa za mapenzi, za zamani, nyeusi na nyeupe, za Hollywood ya enzi zile: wanaume wamevaa kofia, wanawake wanavuta sigara huku wanalia, na karibu kila moja ilimalizikia stesheni ya treni.

Watu walikuwa wameshakaa. Balagizi, aliyekuwa mwalimu wa shule kule Bukavu, hakuwa mtu wa kurudisha kiingilio. Akashika kipaza sauti, akaanza kutafsiri papo kwa papo kama kawaida yake, sauti nyembamba kwa mwanamke na nzito kwa mwanamume, na ndani ya wiki tatu kambi nzima ilikuwa imepagawa. Waendesha kabaza, zile baiskeli za kubeba abiria, waliziegesha nje, wakaingia na jasho lao kuangalia watu wanavyoachana. Akina mama walikuja na mboga za kuchambua. Aliyekosa picha alisimuliwa kwenye foleni ya maji, tena kwa mbwembwe, mpaka akasonya kwa wivu.

Kosa lilifanyika siku ya Jumanne. Kwenye skrini mwanamume na mwanamke walikuwa wamesimama peke yao juu ya daraja, ukungu mtupu, wakatazamana, na fidla zikaanza. Mama Godelive, kiongozi wa kwaya, ambaye maishani mwake hajawahi kusikia wimbo usio na mwimbaji, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, bale benye kupiga hizo viyolo iko wapi? Mi naona bantu babili tu."

Balagizi hakujua. Lakini mtafsiri hana nafasi ya kufikiri, picha haimsubiri, kwa hiyo alisema lililomjia mdomoni, tena kwa kipaza sauti.

"Mama Gode, kwabo kule, bantu bakipendana kweli, musiki inakuja yenyewe. Hakuna mwenye kuipiga."

Ukumbi mzima ukasema ahaa. Jambo lilikuwa limeshatangazwa mbele ya watu sitini, na asubuhi yake likaanza.

Lilianzia bombani. Benedicte, fundi cherehani, alikuwa anajaza dumu la maji, na mumewe Gakiza, Mrundi mwendesha kabaza, akaja na baiskeli kulibeba. Alipomwambia mkewe, "Weka hapa," fidla zikalia. Zilikuwa kama thelathini kwa makadirio ya wanakwaya, na zilitokea usawa wa mabega ya mke na mume. Wanawake kwenye foleni waligeuka, wakasikiliza. Mmoja alisema zimechelewa, maana hawa wana miezi minane kwenye ndoa. Kisha wakamwomba Benedicte asogeze dumu lake, kwani na wengine walitaka maji.

Tangu hapo kila mtu akawa anajipima. Mchungaji mmoja alimshika mkewe mkono mbele ya kanisa, kukawa kimya, akasingizia upepo. Harusi kubwa ya mwezi ule, yenye magari matatu kutoka Lilongwe na keki ya ghorofa, ilipita bila hata filimbi. Lakini mzee Irangabiye na mkewe, ambao hugombana tangu jua linapochomoza kuhusu kuku, walitoa tarumbeta zilizosikika mpaka barabara kuu. Watu walicheka mpaka mbavu zikawauma, na mke wa Irangabiye akafunga mlango kwa aibu.

Kwa Benedicte na Gakiza halikuwa jambo la kuchekea tu. Mama yake Benedicte, Mathilde, alikuwa amengoja safari miaka kumi na mmoja, na sasa yeye na binti yake walikuwa wamepata nchi ya kupokelewa, huko kwenye baridi. Jalada lilifunguliwa Benedicte akiwa bado hajaolewa. Ofisi iliyoshughulikia safari, mjini Lilongwe, ilisema ndoa iliyofungwa baada ya jalada huenda ni ndoa ya kutafutia ndege, na Gakiza hawezi kuongezwa mpaka ithibitike kwamba hao wawili wanapendana kweli. Benedicte akikataa kwenda, jalada lote linafungwa, na Mathilde anabaki Dzaleka na figo zake mbovu. Basi la safari lilipangwa Alhamisi ya wiki iliyofuata.

Walikuwa wameshapeleka cheti cha kanisa, picha za harusi na barua za majirani watatu. Ofisi ilijibu kwamba vitu hivyo kila mtu anavyo.

"Sasa preve muko nayo," Balagizi akawaambia, akimaanisha ushahidi. "Tena preve yenyewe inapiga kelele."

Jamani, kambi ilivyofurahi! Jumatatu nusu ya mtaa iliwasindikiza mpaka kituoni. Godelive alimfunga Benedicte kitenge kipya kwa mkono wake mwenyewe. Kwenye basi dogo kondakta aliwaomba wakae viti vya mbalimbali ili apate kusikia simu yake, wakafanya hivyo, na muziki ukapungua kidogo. Walipofika Lilongwe mlinzi wa getini alivua kofia bila kuambiwa, akasema zikomo, yaani asante, akawafungulia.

Afisa aliyewapokea alikuwa mwanamke mpole, mwenye miwani na sauti ya chini. Alieleza kwa kupitia mkalimani kwamba utaratibu ni kuwahoji mke na mume vyumba tofauti, maswali yaleyale, kisha majibu yalinganishwe. Benedicte akaingizwa chumba cha nne, Gakiza cha saba. Hapo ndipo muziki ulipogawanyika. Zile fidla nyembamba zilimfuata Benedicte, na zile nene zenye sauti ya chini zikaenda na Gakiza. Kila upande ulilia peke yake na ulisikika kuwa na pengo, kama kwaya iliyoachwa na wanaume wake. Afisa, aliyekuwa anakwenda huku na kurudi na fomu zake, alimwomba Gakiza apunguze sauti, Gakiza akamwambia kwa heshima kwamba hajui inapopunguziwa.

Pazia la dirishani lina rangi gani? Kijani, limechanika kona. Jumapili mlikula nini? Nsima na maharage, chumvi ilizidi. Nani anaamka kwanza? Mathilde, anakohoa, ndipo wote wanaamka. Maswali yalikuwa arobaini na mawili, na walijibu sawasawa arobaini na moja. Lililobaki liliuliza ni nani anayekoroma. Benedicte alisema ni yeye mwenyewe. Gakiza naye alisema ni yeye mwenyewe.

Walipokutana tena kwenye korido, pande mbili zikaungana, na muziki ukapanda hivi kwamba makarani walitoka ofisini mwao wakasimama milangoni. Benedicte alicheka kwa sauti. Alikuwa na hakika, na Gakiza alikuwa na hakika, na mlinzi wa getini naye alikuwa na hakika. Afisa alivua miwani, akafuta macho kwa leso bila kuficha, akasema ni muziki mzuri mno. Kisha akafungua fomu, akaonyesha kwa kalamu mahali pa cheti, mahali pa picha na mahali pa watoto. Mahali pa fidla hapakuwepo.

"Madamu," Benedicte akasema, "si weye mwenyewe unasikia?"

"Nasikia," afisa akamjibu kupitia mkalimani. "Lakini mimi siandiki ninachosikia. Naandika kinachoulizwa."

Akawaambia jibu litatoka kabla ya basi kuondoka, akamshukuru kila mmoja kwa jina.

Dzaleka hakuna aliyekata tamaa hata chembe. Watu walikuwa wameona picha kadhaa za Balagizi, na kila mwenye macho alijua jambo kama hili linavyokwenda: jibu huja dakika ya mwisho kabisa, gari limeshawashwa, mtu anakuja mbio na karatasi mkononi. Balagizi alithibitisha hivyo kwa mamlaka ya mtu aliyezitafsiri zote. Gakiza akafunga begi. Kwenye mitumba, ile wanayoiita kaunjika, akachagua koti refu la kijivu lenye mkanda, na Balagizi akamwazima kofia.

"Mukwe wangu, usibakishe ile koti," Mathilde akamwambia. "Kule baridi haina muchezo."

"Ndiyo, Mama. Nitaivaa."

Alhamisi saa nne asubuhi basi lilikuwa limesimama penye uwazi, na mtaa mzima ulikuwa umejaa pembeni yake kana kwamba ni siku ya mpira. Yalisomwa majina arobaini na moja. La Gakiza halikuwamo, na watu wakapeana viwiko kwa furaha, kwa sababu lisingekuwamo mapema hivyo. Macho yote yalikuwa kwenye barabara ya Lilongwe. Vumbi likatimka, watu wakapiga kelele, pikipiki ikafika mbio na mwendeshaji akashuka akiwa na tenga la nyanya. Wakampisha.

Benedicte alimpandisha mama yake, akamkalisha dirishani, akamfunika miguu, kisha akashuka tena. Alimkumbatia Gakiza kwenye lile koti. Muziki ulioanza hapo haujawahi kusikika tena Dzaleka. Watoto waliacha kulia, mbuzi waliacha kutafuna, na mzee Irangabiye akamshika mkewe mkono mbele za watu, tarumbeta zao zikaingia kwa chini kusaidia. Dereva alizima injini kwa heshima, akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akaiwasha tena. Alikuwa na majina arobaini na moja, na uwanja wa ndege alitakiwa saa saba.

"Panda," Gakiza akamwambia mkewe. "Mama hawezi kwenda yeye peke."

"Na we?"

"Mi nitakuja na ile karatasi. Panda tu, mupenzi."

Basi likaondoka, na Gakiza akalikimbilia, kama ilivyopasa, mkono mmoja kwenye kofia. Alikimbia vizuri, mwendesha kabaza ana miguu, na watu walimshangilia njia nzima mpaka kwenye lami. Penye kona muziki ukakatika katikati. Nyembamba zikaenda na basi. Nene zikabaki naye kando ya barabara, amejishika magoti, anahema.

Hapo simu ya Balagizi, ambayo namba yake ndiyo iliyoachwa ofisini, ikalia. Watu mia tatu wakamgeukia. Ilikuwa ofisi, ikiarifu kwamba jibu litachelewa.

"Picha haiyaisha," Balagizi akawaambia watu. Hakuwa na kipaza sauti, na wa nyuma hawakumsikia.

Siku hizi Gakiza anaendesha kabaza na zile nene zikiwa naye. Wateja wanamchagua kwa sababu hiyo, hasa wazee na wajawazito, wanasema baiskeli yake haitikisi. Mke wa Irangabiye huwakubalia wageni kumsikiliza mumewe akiulizia kuku. Kule Lilongwe, ukutani kwenye ofisi ile, kumebandikwa tangazo kwa lugha nne kwamba muziki haupokelewi kama uthibitisho, na waombaji wasije nao siku ya mahojiano.

Kila Jumapili baada ya ibada, Benedicte hupiga simu ya video. Mara ya kwanza Gakiza aliipokea ndani ya ukumbi, na Balagizi akaegemeza simu kwenye kipaza sauti ili kila mtu afaidi. Benedicte alionekana amevaa makoti mawili, nyuma yake dirisha jeupe. Alisema Mathilde ameanza kusafishwa damu hospitalini na sasa anakula. Alisema majirani wamemgongea ukuta kwa ajili ya fidla, isipokuwa bibi mmoja wa ghorofa ya chini aliyeomba asizizime. Wakati anasema hayo, zile nyembamba zilikuwa zinatoka kwenye simu, mbali kidogo, na zile nene za Gakiza zikawa zinazingoja, na pale alipomwita jina zikapatana. Watu sitini wakasimama. Godelive akawapa wanakwaya sauti, nao wakajaza pale palipokuwa na pengo.

"Gakiza," Benedicte akasema, "ile swali ya kukoroma. Mama amesema ni mi njo nakoroma."

"Hapana. Ni mimi."

"Ni mi, nakuambia."

"Bene, ni mimi."

Muziki ukapanda mpaka mabati yakatetemeka, na bando likaisha. Zikabaki zile nene peke yake. Gakiza akawashukuru watu, akarudisha kofia ya Balagizi msumarini, akatoka nazo, maana nje kulikuwa na mama aliyekuwa anasubiri kupelekwa zahanati.

Jalada lake liko Lilongwe mpaka leo. Ukurasa wa tatu umeandikwa kwa kalamu nyekundu kwamba mume na mke wametoa majibu yanayopingana.