Kigari cha Mama Elina

Mimi sipendi kuingilia nyumba za watu. Lakini niambie wewe: mtoto wa miezi mitano analazwa nje, hapa Mafinga, mwezi wa saba, ukungu umeshuka mpaka kwenye mabati, na mama yake yuko ndani. Ungepita?

Mama Elina alikuwa mgeni. Alikuja kutoka Ufini na mumewe anayefundisha useremala chuoni. Mume akishatoka, anabaki peke yake na Elina wa miaka mitatu na huyo mdogo, Onni, hana dada wala wifi wa kumpokea mtoto hata aoge. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni; kamba yake ilikuwa kigari cha kumsukumia mtoto. Kila siku alimlaza mtoto humo na kukiacha uani. Nilijiuma ulimi wiki nzima.

Mimi nilimzika mwanangu Adrian mwezi kama huo, kwa nimonia. Siku moja nilipiga hodi kwa Mama Elina mara mbili, nikasikia maji yakimwagika bafuni na Elina akilia. Nikamgusa mtoto shavu. Lilikuwa la baridi. Nikamfunga mgongoni, nikamfunika blanketi hadi kichwani, nikaenda naye jikoni kwangu kwenye moto. Nilijua mama yake atakuja kumchukua. Kwetu mtoto asipoonekana, unamuuliza jirani kwanza.

Nilikuwa nasonga ugali niliposikia yowe. "Mtoto kaibwa! Kachukuliwa na lori la nguzo!" Nikaepua sufuria, nikatoka mbio na mwiko mkononi. Mtoto wa mtu ameibwa, utakaaje ndani?

Barabarani vijana walikuwa wamelisimamisha lori la nguzo. Utingo alishashushwa, shati limechanika, damu inamtoka puani, anaapa kwa Mungu hajui kitu. Mmoja akaokota gongo.

"Mtoto wa nani?" nilimuuliza Ombeni, mtoto wa kaka yangu. Naye alikuwa na jiwe.

"Wa yule Mzungu, shangazi. Kachukuliwa kwenye kigari."

Mgongoni Onni alikuwa amelala, joto lake linapita kwenye sweta langu.

Hakuna aliyenitazama. Mwanamke mwenye mtoto mgongoni, nani anamhesabu? Ningeweza kurudi taratibu, nimlaze kwenye kigari, niendelee na ugali wangu. Niligeuka, nasema kweli, nikapiga hatua mbili. Nyuma yangu utingo akalia, "Mama!" Sijui alimwita nani.

Nikarudi. "Mwacheni! Mtoto ninaye mimi."

Halafu gongo likageukia kwangu. "Kumbe mwizi ni huyu!"

"Shangazi, umefanya nini?" alisema Ombeni, akaliachia jiwe na kusimama mbele yangu. Mama Elina alifika akisukuma watu, peku, Elina kiunoni. Nilifungua blanketi.

"Mama, huyu ndiye mwizi?" mwenye gongo alimuuliza.

Kiswahili cha Mama Elina kilikuwa cha sokoni: nyanya, bei gani, asante. Alimshika mtoto miguu. Kisha akanitazama kwa hasira ambayo sitaisahau, na nilijua naistahili.

"Jirani," alisema. "Si mwizi. Jirani yangu."

Gongo likashuka. Nilimwomba utingo msamaha. Alinipa mgongo, na alikuwa na haki.

Tulipofika kwake alilia, kisha akaninyooshea kidole. "Wewe, uliza mimi! Kwetu mtoto analala nje. Mimi nililala nje. Mama yangu pia!"

Nami nikapandisha sauti. "Na wangu alikufa kwa baridi hiihii, mama!"

Sijui kama alielewa yote, ila hilo la kufa alilielewa. Akakishusha kidole.

Kesho yake kigari kilikuwa uani tena. Mikono iliniwasha. Nikapiga hodi, safari hii mpaka akafungua.

"Simchukui," nilimwambia. "Nakaa tu."

Nikaweka kigoda changu kando ya kigari, nikakaa kwenye ukungu nasikiliza pumzi za yule mtoto. Meno yalikuwa yananigongana Mama Elina alipotoka na blanketi. Alikipita kigari, akanifunika mimi.