Nyuzi Kwenye Kiganja cha Udongo

Kwa asubuhi ya nne mfululizo Marziya aliingia chumba chake cha kazi, pale mtaa wa Malindi, akakuta nyuzi mpya kwenye kiganja. Akasonya. Kile kiganja kikubwa cha udongo alikifinyanga mwenyewe, akakichoma kwenye tanuri la Fumba, akakivisha vitambaa vya sari kuukuu alivyovitarizi kwa miezi mitano. Ilikuwa kazi ya sanaa. Bango la "Usiguse" alilibandika mahali ambapo hata kipofu angeliona.

Lakini kina mama wa mtaani walikitazama mara moja tu, wakaona kiganja cha alamu, zile bendera zenye kiganja kileleni, zinazotolewa Muharram kwenye imambara, nyumba ya ibada ya Mashia. Kila aliyekuja kutazama akaacha uzi: huyu anaomba mume, yule viza, yule mtoto. Na uzi wa nadhiri una kanuni zake. Unafungwa mafundo matatu, kila fundo unamtaja unayemuombea, na haufunguliwi ila na aliyeufunga, siku haja yake ikijibiwa.

Marziya alizijua kanuni hizo tangu utotoni, na zilimkera. Saa tatu u nusu kiganja kilikuwa kiondoke na boti kwenda Dar es Salaam, kwenye maonyesho aliyoyasubiri miaka sita, na waandaaji walikitaka kama kilivyo kwenye picha. Kwenye picha hakikuwa na uzi hata mmoja. Akachukua mkasi, akazikata zote, akazitupa kwenye ndoo ya taka.

Saa tatu kasoro akaingia mama yake, Bi Sukaina, anahema, mkono mmoja gotini.

"Zakir wameshamwingiza," alisema. "Wamenipigia sasa hivi."

Zakir, mdogo wake Marziya, alikuwa hospitali Mumbai, akisubiri kupasuliwa moyo. Bi Sukaina akakizunguka kiganja mara mbili.

"Uzi wangu uko wapi? Wa kijani. Nliufunga jana."

"Nshazikata zote, mama."

Bi Sukaina akakaa juu ya kasha la kukisafirishia kiganja. Hakugomba, na hilo ndilo lililomuudhi Marziya zaidi.

"Mama, huu ni udongo. Nseme mara ngapi? Nnaukanyaga kwa miguu yangu hii. Zakir ana madaktari."

"Nnajua ni udongo. Nimekuona ukiukanyaga. Lakini ngazi za imambara siziwezi tena. Nikae nyumbani niitazame simu?"

Marziya akaivuta ndoo ya taka. Akaimwaga sakafuni. Nyuzi za kijani zilikuwa saba, zote zimekatika, zote zinafanana.

"Upi wako?"

"Sijui, mwanangu."

Simu ikalia. Alikuwa Ridhwan, mchukuzi wa bandarini.

"Nipo nje na gari, Bi Marziya. Nije kulibeba kasha?"

"Ningoje."

"Mimi ntakungoja. Boti haitongoja."

"Basi iende," alisema Marziya, akakata simu, na machozi ya hasira yakamtoka.

Akapiga magoti, akauunga uzi wa kwanza, akaufunga kidoleni mwa kile kiganja. Zakir. Zakir. Zakir. Akachukua wa pili, huenda ndio wa mama yake, kisha wa tatu. Alikusudia kuzifunga zote saba. Kama wenye zile sita nyingine wangekasirika kwamba amemtaja Zakir kwenye haja zao, na wakasirike.