Mtumbwi wa Onésphore

"Mi njo nilikosea," Straton alisema, hata salamu hajatoa. "Si fundi, si komine. Ni mi."

Mukandayisenga alikuwa anaangalia mtumbwi wa mume wake pale kandokando ya ziwa: umekatwa katikati, nusu zote mbili zimesimamishwa kama milango isiyo na nyumba, zimepakwa rangi ya bulu, samaki wa njano juu.

Mwaka huo wa tisini na nane komine, serikali ya pale mjini, ilimpa Straton kazi ya kupendezesha ile njia ambayo watu wa Gisenyi wanatembea Jumapili wakitoka misa. Alikuwa amerudi kutoka Goma na diploma yake. Donc, kuchora alijua, lakini sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, alikutana nao kwenye sahani tu. Kwenye kona alipanga mawe yakawa umbo la ngoma, chini ya miti viti vya kuchonga. Halafu akaona mtumbwi umelala kifudifudi mchangani, majani yanauparamia.

"Huu umekufa," alimwambia Gad, seremala. "Tuufufue."

"Chef, uulize kwanza wavuvi."

"Wangekuwa wanautaka, wangeuacha uote majani?"

Wavuvi wa pale wanafunga mitumbwi mitatu pamoja kwa miti mirefu, ndipo wanaingia ziwani. Wa katikati ulikuwa wa Onésphore, mume wa Mukandayisenga. Yeye alivukia Congo na ule umati wa wakimbizi wa tisini na nne, hajarudi. Wenzake waliazima mwingine, lakini wa kwake ukiwa bado mchangani, nafasi yake ipo, na kila asubuhi mke wake anapewa fungu la sambaza. Asiye na mtumbwi hana fungu. Pwani nzima ilijua hivyo. Straton alipita hapo kila siku na kamba ya kupimia, akimpigia kila mtu utani, ila hakuuliza kitu.

"Nilikuwa naanika sambaza palepale," Mukandayisenga alisema mwishowe. "We ulinichekesha mpaka nikamwaga kikapu. Kusema tu, 'Mama, huu ni wa nani?' ilikushinda?"

"Nilizani..."

"Ulizani. Bon." Akamgusa samaki mdomoni. "Na tena umemuwekea meno. Sambaza iko na meno kama ya mbwa?"

Siku nyingine Straton angekuwa na jibu la kuchekesha. Leo alikwaruza meno ya samaki kwa kucha.

Mitumbwi ilikuwa imefika. Karekezi, mkubwa wa ekipe ya wavuvi, alikuwa anagawa samaki kwenye masahani. Akajaza la mwisho, akasuuza mikono ziwani. La Mukandayisenga lilibaki tupu mchangani, na yeye hakwenda kuliokota.

Straton alivua kofia, akashuka mpaka maji yakaingia kwenye viatu vyake vya ofisi.

"Muzee Karekezi, nitachongesha mwingine. Mbao nitatafuta mi mwenyewe, hata kama ni kwenda mpaka Nyamyumba. Mumuwekee tu Onésphore nafasi yake, tafazali, mpaka arudi."

Karekezi aliinamia fundo la kamba inayoshika ule mtumbwi wa kuazima katikati, akalikaza. Wengine waliinua wavu mabegani, wakapanda nao kwenda kuuanika.