Walikuwa Wakitazama Tu

Fachtna alilazwa sebuleni, jeneza likiwa wazi, na mama yake Gobnait alikaa kando yake tangu asubuhi akipokea watu. Kijiji kizima, huko magharibi mwa Cork, kilipita humo. Kila aliyeingia alimshika mkono, akasema pole, akamgusa marehemu, akaelekea jikoni kwenye chai na sandwichi. Ila kabla hajauachia mkono wa mtu, Gobnait alimuuliza, "Ulikuwepo?"

Walikuwepo wote. Jumapili wangekuwa wapi tena? Ni mchezo wao wa jadi: tufe la chuma hurushwa barabarani, na anayefika mwisho kwa mitupo michache ndiye mshindi. Donncha ndiye aliyerusha. Fachtna, rafiki yake wa tangu utotoni, alisimama mbele, miguu ameipanua katikati ya njia ili mwenzake aone pa kulenga. Tufe likija, huruka pembeni. Amefanya hivyo miaka na miaka, lakini Jumapili ile hakuruka.

Daktari alisema hakukata roho papo hapo. Basi Gobnait alitaka kujua jambo moja tu: mwanawe alikufa mikononi mwa mtu, au alikufa peke yake katikati ya umati?

"Mimi nilikuwa mtazamaji tu, dada," alisema Peig wa nyumba ya pili. "Tena nyuma kabisa, hata sikuona vizuri."

"Mimi nilikuwa napita tu," alisema mwenye baa. "Nilikuwa naenda kwa binti yangu."

Kumbe barabara ilijaa wapita njia siku ile! Ni hao hao ambao Donncha akishinda hujiita mashabiki, wakajigamba kaunta mpaka ungedhani wao ndio waliorusha. Leo hakupatikana shabiki hata wa dawa. Na neno shahidi hakuna aliyelitia kinywani, kwa kuwa polisi alikuwa amelitumia kwanza.

Donncha mwenyewe alikuwa nje getini, mvua ikimnyeshea. Gobnait alikuwa amekwisha kusema, "Muuaji asinikanyagie nyumba."

Akaingia mzee Batt, kofia mkononi.

"Na wewe ulikuwa nyuma, Batt?"

"Macho hayana pazia, Gobnait. Mtu anatazama tu."

"Sijakuuliza macho. Nakuuliza nani alikuwa na mwanangu."

Batt alitaka kwenda zake jikoni, lakini mkono wake ulikuwa umeshikwa.

"Hakuna aliyekuwa nyuma," alisema. "Tulikuwa mbele sote. Si unatujua? Kila mtu anataka tufe limpite karibu na kiatu. Tulimbana, Gobnait. Alitaka kuruka, akakuta ukuta wa watu. Alipoanguka ndipo tuliporudi nyuma."

"Wote?"

"Isipokuwa Donncha. Alikuja mbio, akampakata kichwa, akawa anamwambia, 'Nipo, Fachtna, nipo.' Mpaka mwisho. Sisi tulikuwa tunatazama."

Penye wengi haliharibiki neno, husema watu. Gobnait aliliangalia jeneza, akajiona mjinga kwa hasira aliyoielekeza siku zote hizi kwa mtu mmoja. Akainuka, akatoka nje bila koti.

Donncha alipomwona anakuja alirudi nyuma, kana kwamba atapigwa.

"Alisema neno?" Gobnait aliuliza.

"Aliniuliza kama mtupo ulikuwa mzuri."

"Ukamwambiaje?"

"Nilimwambia mzuri." Kijana alijifuta uso kwa mkono wa shati. "Na kweli ulikuwa mzuri, mama. Sijawahi kurusha vile maishani mwangu. Ningejua, ningeuvunja huu mkono."

Gobnait alilia hapo getini, kwa mara ya kwanza tangu Jumapili, na bega alilolilia lilikuwa la Donncha. Walipotulia alimshika mkono.

"Kesho utabeba jeneza," alisema. "Mbele, upande wa kichwa. Ulikwisha kukishika."

Walipofika mlangoni palikuwa hapapitiki. Jikoni kote kulikuwa kumemwagika ukumbini, vikombe mikononi, shingo zimenyooshwa, kila mmoja akitaka kuona. Peig alikuwa mbele kabisa.

"Mpisheni," alisema Gobnait.

Hawakuelewa upesi. Walibaki wamesimama wakitazama.

"Nasema mpisheni apite!" alipiga ukelele. "Hivi kupisha ni kazi gani?"

Safari hii wakapisha.