Samaki Waliotoa Mikia

Jumatatu asubuhi, samaki wote wa mwamba wa Hoteli ya Kengele Tatu, kisiwani Tobago, waliamka wakiwa wamewapa watu mikia.

Wa kwanza kugundua alikuwa Bwana Pemberton, mgeni kutoka Leeds, mtu mnene ambaye mgongo wake ulikuwa umeshaiva kwa jua kama kamba wa kuchemshwa. Aliibuka, akatoa mrija mdomoni, akapandisha miwani ya maji hadi kwenye paji la uso, akamwambia Curlene Ottley kwa upole:

"Samahani, dada. Naona mikia tu."

"Mikia ya nini?"

"Ya samaki. Nikienda huku, wanageukia kule. Nikienda kule, wanageukia huku. Ni kama nimechelewa kanisani nikakalishwa benchi la nyuma."

Curlene, aliyekuwa akiwaongoza wageni kwenye mwamba ule tangu alipoacha kazi ya kusuka nywele, alicheka. Akavaa miwani yake, akanong'ona salamu kwenye mrija kama kawaida yake, akazama. Samaki wakamgeukia, wakamtazama kama siku zote. Kisha Pemberton akaja kwa nyuma, puu, kama gunia la nazi lililotupwa kutoka gatini. Wote wakageuka: changu, vipepeo, pono, kikande. Hata mkunga, ambaye maisha yake yote hutoa kichwa tu pangoni, aliingia ndani akapindana, akatoka tena kwa mkia.

Kwa Curlene hilo halikuwa fumbo. Tobago, mtu akiingia dukani na kuuliza mkate kabla ya kusema habari za asubuhi, atasimama pale mpaka mkate uote ukungu. Muuzaji hatamtukana. Atapanga tu makopo, mgongo umemwelekea mteja, mpaka mteja akumbuke kwamba alizaliwa na watu. Samaki walikuwa Watobago. Basi.

Zamani, chini ya meneja aliyestaafu, wageni walikusanywa ufukweni kila asubuhi, wakasalimiana, wakausalimu na mwamba, ndipo wakaingia. Meneja mpya alikuwa amelifuta jambo hilo. Saa tatu kamili, mtu majini. Salamu, alisema, zinakula muda wa wageni.

Meneja huyo, Lennox Melville, hakuwa mtu wa mbali. Alizaliwa nyuma ya kanisa la Methodisti hapo hapo kijijini, akaenda Toronto kusomea mambo ya hoteli, akarudi na suti ya kitani na miguu isiyojua kusimama. Alipita mapokezi, jikoni na bustanini kama upepo wa mlangoni, hamwoni mtu, hamsalimu mtu. Mbele ya wageni Curlene alimwita Meneja. Mlango ukifungwa, alimwita kama alivyomwita walipokuwa wakioga uchi mtoni.

"We Lennox. Samaki wamenuna."

"Samaki hawanuni. Wana ubongo kama punje ya dengu."

"Na bado wamekushinda adabu."

"Curlene, usinianze."

"Nikuanze nini? Nimeingia hapa nimekusalimu, hukuitika. Haya, nakusalimu tena: habari za asubuhi?"

"Sema shida yako."

"Ndiyo hiyo shida yangu."

Lennox akafumba macho, akayafumbua. Alimweleza kwamba Jumamosi anakuja Bi Gunvor Aasland, mwenye kampuni ya safari ya huko Bergen, na huyo ndiye atakayeamua kama wageni wa kaskazini waendelee kuletwa Kengele Tatu au wapelekwe kisiwa kingine. Akiona mikia, mwamba unafungwa. Pale gatini litajengwa bwawa lenye samaki wa plastiki, wenye adabu, wanaotazama mbele.

"Na mimi?"

"Wewe utakwenda chumba cha kufulia. Kukunja taulo ziwe bata maji."

Moyo wa Curlene ulizama bila mapezi. Aliwahi kukunja taulo kwa wiki moja, alipokuwa ameumia mguu, na bata wake wote walitoka kama viatu vilivyokanyagwa na basi. Lakini si bata tu. Kule chini ndiko alikokuwa mtu kamili. Nchi kavu alikuwa dada mmoja mwenye sauti kubwa. Majini kila jiwe lilimjua.

Jumanne Lennox aliamuru wageni wagawanywe, nusu waingie upande huu wa mwamba, nusu upande ule, ili angalau kikosi kimoja kione nyuso. Samaki wakasimama wima, vichwa chini, mikia juu, wasimpendelee mtu. Jumatano akaleta bendi ya ngoma za mapipa ikapiga gatini. Samaki walicheza, hilo halikanushwi, lakini walicheza kwa nyuma, kwa kukata viuno, jambo ambalo Tobago halimshangazi mtu.

Wakati huo Curlene alikuwa akiwafundisha wageni kwa siri, nyuma ya kibanda cha miwani.

"Unasimama maji yakiwa magotini. Unasalimu kwa sauti. Unauliza za nyumbani. Unangoja kidogo. Ndipo unaingia."

"Nimuulize pono habari za mkewe?" Pemberton akauliza.

"Uliza za nyumbani kwa jumla. Usichimbe."

Wageni waliona haya mwanzoni, kisha wakanogewa. Alhamisi ufuko mzima ulikuwa ukipiga kelele za heri baharini, na samaki wakalegea nusu: wakasimama ubavu, wakiwatazama watu kwa jicho moja. Jicho la pili lilibaki na kinyongo. Na mmoja hakulegea hata kidogo. Pono mzee wa rangi ya samawati, mwenye jino lililomeguka, ambaye wavuvi walimwita Bwana Cuffie, aliuelekeza mkia wake kwenye dirisha la ofisi ya Lennox, akakaa hivyo kutwa kucha.

Tena pono walikuwa wamegoma. Kila mtoto wa Tobago anajua ule mchanga mweupe unatoka wapi: pono hutafuna matumbawe, na kinachotoka nyuma ndicho wageni wanachokitandikia taulo. Kwenye matangazo ya hoteli kiliitwa zawadi ya bahari. Sasa zawadi ilikuwa imezuiwa tumboni. Ufuko ulikonda kama mgonjwa, vitanda vya jua vikawa vinasimama juu ya mawe, na Bwana Cuffie alikuwa amevimba kama puto.

Ijumaa Curlene aliingia tena ofisini.

"Anakungoja wewe, Lennox. Nenda ukamsalimu."

"Nani? Samaki? Mimi?"

"Bibi yako Clotilda alikuwa akisalimu mpaka kuku wa jirani."

"Bibi yangu hakuwa meneja."

"Alikuwa meneja wako. Usiposalimu alikuwa anakuchapa kwa kijiko cha mboga ya kalalu."

Lennox alijishika sikio la kushoto bila kujua. Kisha akasema ana kazi.

Jumamosi Bi Gunvor Aasland akafika, mwanamke mrefu wa nywele fupi za mvi. Alimpita mpokezi, akampita mtunza bustani, akampita Curlene, kimya. Hakuwa na kiburi; kwao kumsemesha mtu usiyemjua ni kama kumwingilia bafuni. Ufukweni akavaa miwani, akavaa mapezi, akauma mrija.

"Mama," Curlene akaanza, "kabla hujaingia..."

Lennox alimfinya mkono. "Mwache!"

Bi Gunvor akaingia majini.

Maji yalikuwa safi kama kioo, na waliokuwa gatini waliona kila kitu. Samaki hawakugeuka ubavu. Hawakutoa mikia. Waliondoka. Waliondoka kwa mafungu, kama waumini wanaotoka katikati ya mahubiri mabaya, samaki taa akipepea mbele, mkunga akijiburuta na pango lake likibaki wazi. Bwana Cuffie akafunga msafara, taratibu kwa sababu ya tumbo. Mwamba ukabaki mawe.

Curlene aliziona taulo. Aliziona milima na milima, zote zikiwa na shingo za bata.

Ndipo kando yake ikatoka sauti ambayo kijiji kilikuwa hakijaisikia tangu mazishi ya Clotilda Melville.

"We mama! We! Toka humo!"

Ilikuwa imetoka kinywani mwa Lennox, na Lennox mwenyewe alionekana kushangaa, lakini ilikuwa imeshaanza na haikuwa na breki.

"Umelelewa wapi wewe? Unaingia nyumbani kwa watu kimya kimya kama mwizi wa kuku! Hodi hakuna, habari za asubuhi hakuna! Mama yako akikuona leo, uso atauficha wapi?"

 Mpishi alishika mwiko hewani. Bi Gunvor, maji kifuani, akatoa mrija mdomoni polepole.

"Na wewe," akauliza, "uliwasalimu?"

Kila mtu akamgeukia Lennox. Kule mbali, Bwana Cuffie naye akasimama.

 Lennox akashuka ngazi za gati akiwa na suti yake ya kitani, viatu na vyote, akapiga magoti baharini, akatumbukiza uso. Mapovu yakapanda. Yalipanda muda mrefu. Curlene, aliyeinama karibu, alisikia humo ndani habari za asubuhi, akasikia poleni, akasikia za nyumbani, za watoto, na mvua ya juzi je, na jina la Clotilda.

Samaki wakarudi. Walirudi vichwa mbele.

Bi Gunvor aliwatazama, akazamisha uso, akasema neno moja fupi la kwao lakini kwa sauti ya kusikika. Wakamzunguka. Alipoibuka, macho yalikuwa mekundu, na si kwa chumvi.

"Yule mkunga ameniuliza habari za mama yangu," akasema. "Sijampigia simu tangu Pasaka."

"Mpigie leo," Curlene akamwambia. "Kesho atakuuliza tena."

"Wageni wangu watakuja." Bi Gunvor akamgeukia Lennox. "Lakini huyu dada abaki majini. Mtu wa kutufundisha ni yeye."

 Lennox alikuwa akitazama chini. Bwana Cuffie alikuwa amefika, amepima, ametulia juu kidogo ya kiatu chake cha kulia; na pale, bila haraka, baada ya siku zote zile za kujizuia, alikuwa akikifunika kiatu kwa mchanga mweupe, laini, wa daraja la kwanza.

"Ni nini hii?" Lennox akanong'ona.

"Amekuitikia," Curlene akasema. "Sema asante."

"Asante," akasema Lennox, na Bwana Cuffie akahamia kiatu cha pili.