Njia Panda ya Mkono wa Kushoto

Tangu ujana wake watu walimwita Mzee wa Vidole. Alipiga piano katika kumbi ambazo hata kukohoa humo ni aibu, na kila alikokwenda mdogo wake wa kike alikuwa nyuma yake, amebeba koti, vidonge vya mafua na karatasi za nota ambazo kaka hakuzitazama kamwe. Dada naye alijua piano, alifundisha watoto, lakini alizoea kusema kwamba nyumba moja haihitaji majogoo wawili.

Siku ya onyesho, fundi anayekaza nyaya za piano alimvuta pembeni mlangoni mwa ukumbi.

"Dada, kaka yako amenipigia simu asubuhi, eti kuna waya wa juu unalia. Nikamwambia nimeshaukaza. Akashukuru, akakata. Akapiga tena kuuliza hilohilo. Halafu tena. Kila mara kama vile hatujaongea."

"Uchovu wa safari tu."

"Haya," fundi akasema, lakini macho hakuyabandua.

Dada aliingia ndani akimkumbuka baba. Baba yao, mpiga piano wa hotelini, alimaliza siku zake akipiga meza ya kulia chakula kana kwamba ni piano, kwa bidii, huku akiuliza mbona leo hapigiwi makofi. Nyumbani jambo hilo halikusemwa. Funika kombe mwanaharamu apite.

Kaka alikuwa jukwaani akifanya mazoezi. Kipande cha mwisho cha onyesho kina njia panda. Mara ya kwanza muziki ukifika hapo, mkono wa kushoto hushuka na kila kitu huanza upya. Mara ya pili mkono unapaswa kupanda, ndipo muziki uende kumalizika. Tofauti ni nota moja tu.

Mara ya pili kaka akashuka. Akarudi mwanzo, akazunguka, akafika palepale, akashuka tena. Uso wake ulikuwa mtulivu kama wa mtu anayekwenda dukani kununua chumvi. Aliacha tu pale mfagiaji alipoangusha ndoo.

"Kaka, leo tuweke nota mbele. Nitakugeuzia kurasa."

"Waseme nimezeeka?"

"Waseme wanavyotaka."

"Mimi si baba."

"Sijamtaja baba."

"Umemtaja kwa macho." Akafunga piano, akacheka, akambana bega kama walipokuwa watoto. "Acha roho ya kuku wewe. Nimekipiga hiki kabla hujaota meno."

Jioni ukumbi ulijaa hadi viti vya ukutani. Dada alisimama nyuma ya pazia, nota kifuani. Vipande vya kwanza kaka alivipiga vizuri mno, vizuri kuliko miaka yote, na uzuri huo ndio uliomtisha. Kisha kikaja cha mwisho. Njia panda ya kwanza, mkono ukashuka, sawa. Ya pili, ukashuka.

Hakuna aliyeshtuka. Mara ya tatu, bwana mmoja wa safu ya mbele alimgeukia mkewe. Mara ya nne watu walianza kunong'ona, na kaka aliendelea, ametulia, jasho likimchuruzika shingoni, mtu aliyefungiwa ndani ya nyumba nzuri asijue kwamba amefungiwa.

Dada akaziweka nota sakafuni. Akatembea jukwaani, viatu vikigonga mbao, akakaa ukingoni mwa benchi upande wa kushoto. Muziki ulipofika njia panda akausukuma mkono wa kaka yake kando na kuipiga ile nota yeye mwenyewe, ya kupanda. Vidole vya kaka vikaifuata. Wakafika mwisho.

Makofi yalilipuka. Wengine walidhani ndivyo ilivyopangwa. Kaka aliinama, akatabasamu, na bila kumtazama dadake akamwambia kwa sauti ndogo, "Umenitoa. Mle ndani nilikuwa karibu kumwona mtu."

"Mtu gani?"

Kaka akainama tena kwa watu, akashuka. Tangu siku hiyo hakupanda tena jukwaani.

Mwezi uliofuata daktari aliwaonyesha picha za ubongo, kisha akamwomba kaka asubiri nje. Aliongea na dada polepole, kwa huruma, kuhusu dawa na kuhusu siku zitakazokuja. Akauliza juu ya baba. Dada akaeleza yote, pamoja na ile meza.

Daktari akaweka kalamu chini. "Ugonjwa wa aina hii huweza kupita katika damu ya ukoo. Kuna kipimo. Na wewe ungependa kujua?"

Dada alitazama mikono yake mapajani. Vidole vya kushoto vilikuwa vikigonga sketi taratibu, na hakukumbuka vilianza lini.

"Si leo," akasema, akainuka kwenda kumtafuta kaka yake.